Sajenti Sydney Ouma na Mbwa Aliyevuka Nyavu za Omena

Wazee wetu, mchungaji, ndugu wa Pap Onditi, nanyi mliotoka Kisumu, Usenge, Ahero na Bungoma, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mvumilie kidogo hata jua likizidi, kwa sababu historia hii haikukomea pale daktari alipofumba macho ya marehemu, ina habari ya Jumanne ya wiki hii ambayo wengi wenu hamjaisikia, na mwenye kuisoma amejizuia tangu asubuhi asiisimulie kabla ya wakati wake.

Marehemu Sydney Ouma Oluoch alizaliwa tarehe 14 Agosti 1960, katika boma hili hili la Pap Onditi, Nyakach, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Oluoch na marehemu Mama Aloo, na wale waliokua naye wanasema alikuwa mtoto mpole asiyependa ugomvi, ila alikuwa na tabia moja iliyomshinda mama yake, ya kulala na watoto wa mbwa chini ya ghala, hata akanyolewa kipara mara kwa mara kwa ajili ya viroboto, na kila aliponyolewa alirudi kule kule.

Alianza masomo mwaka wa 1967 katika shule ya msingi ya karibu na nyumbani, akamaliza mwaka wa 1973, kisha akaendelea na sekondari mjini Kisumu hadi Kidato cha Nne mwaka wa 1977, na ingawa alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo zaidi ya mara moja, alirudi darasani kila mara, akafanya mtihani wake wa mwisho akiwa amevaa viatu vya kaka yake.

Tarehe 2 Machi 1981 alijiunga na polisi, na mwaka wa 1984 akapelekwa kikosi cha mbwa, kazi aliyoifanya Nairobi, Mombasa na mwishowe Kisumu, na huko Mombasa ndiko mbwa wake aitwaye Jenerali alikofuata harufu ya mwizi aliyeiba suti dukani hadi ndani ya arusi, akaketi mbele ya bwana arusi mbele ya wageni wote, ikabainika kwamba bwana arusi hakuwa mwizi bali ndiye aliyeuziwa ile suti, na marehemu alikuwa akisimulia kisa hicho kila Krismasi, akicheka kabla hajafika mwisho, nasi tukicheka kwa sababu anacheka. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2015 akiwa na cheo cha Sajenti.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu Nasipwondi, binti wa Mzee Wechuli wa Bungoma, ambaye alikubali posa kwa sharti moja alilolitamka mbele ya wazee wa pande zote mbili, kwamba mbwa asivuke kizingiti cha jikoni mwake, na Mungu akawajalia watoto wawili, Byron anayefanya kazi Nairobi, na Debra aliyeolewa Usenge mwaka wa 2008, akawa mchuuzi wa omena, wale dagaa wetu wa ziwani, mwenye sauti inayosikika kutoka barabarani hadi majini. Marehemu ameacha pia wajukuu watano, wa kwanza wao akiwa Lornah, binti wa Debra, huyu anayewasomea.

Mwaka wa 2018 macho ya Debra yalianza kuingia ukungu, madaktari wakasema ni presha ya macho na kwamba imechelewa kugunduliwa, na ilipofika mwaka wa 2020 hakuona tena hata mwanga wa taa, akawa anashikwa mkono na mama mkwe wake kwenda ufuoni na kurudi. Marehemu hakulala juu ya jambo hilo. Aliandikia shirika moja la ng'ambo linalofunza mbwa wa kuongoza wasioona, akaomba mmoja kwa ajili ya binti yake, nao wakamjibu kwa heshima kwamba foleni ni ndefu, na kwamba kumlea na kumfunza mbwa mmoja hadi kukabidhiwa mtu hugharimu fedha ambazo hapa kwetu zingenunua boti mbili na injini zake, na ploti ya kujenga nyumba juu yake.

Mama Nasipwondi aliposomewa jibu hilo alishika kiuno, akauliza, "Baba Byron, kwa pesa hizo huyo mbwa anasomea udaktari?"

"Anasomea kukataa," marehemu akamjibu.

"Kukataa hata punda anajua, na hajaenda shule."

Basi marehemu akamweleza, kama alivyotueleza sote baadaye, kwamba mbwa wa polisi hufunzwa kutii, na hiyo ni kazi rahisi, lakini mbwa wa asiyeona lazima atii siku zote na pia ajue dakika ya kutotii, bosi wake akisema mbele na mbele kuna shimo, yeye asimame hata akivutwa, na jambo hilo halifundishwi kwa kiboko wala kwa haraka, linataka miaka karibu miwili ya mtu mzima asiyefanya kazi nyingine, na chakula, na chanjo, na daktari wa mifugo, na mwisho wa yote hayo mbwa wengi hufeli, na gharama za waliofeli hubebwa na yule mmoja aliyefaulu. Akasema, "Hawatudanganyi. Bei ni ya kweli. Ni sisi hatuna." Kisha akasema kwamba yeye ana pensheni, ana miguu, na ana muda.

Ndivyo alivyoanza na mbwa wa kwanza, aliyeitwa Kanjo, mwaka huo huo wa 2020, akamfunza katika mitaa ya Kisumu hadi watu wa soko la Kibuye wakamzoea, akamfunza kusimama kwenye ukingo wa barabara, kukwepa mitaro na pikipiki na mikokoteni, hata mhunzi mmoja wa pale sokoni akawatengenezea mkanda wa kifuani wenye mpini wa chuma, na wapita njia wakawa wanasimama kutazama Mzee akitembea amefunga kitambaa machoni, akiongozwa na mbwa katikati ya magunia ya mboga. Lakini katika kazi hiyo marehemu alifanya kosa moja, na hatulifichi kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha: chakula cha mbwa cha dukani kilikuwa ghali, na Debra alikuwa na vumbi la omena lisilouzika, gunia baada ya gunia, basi Mzee akaona kubana matumizi ni akili, akamlisha Kanjo ugali na omena asubuhi na jioni, tangu akiwa mdogo hadi alipokomaa.

Tarehe 10 Septemba 2022 walimpeleka Usenge. Kanjo alishuka barabarani kama afisa, kifua mbele, Debra nyuma yake ameshika mpini, na wanawake wa ufuoni wakaanza kupiga vigelegele, hadi walipofika mahali nyavu zinapotandazwa chini na omena kuanikwa, pande zote mbili, nyeupe kama bati jipya. Kwa mbwa yule ufuo wote ulikuwa sahani. Aliruka na mpini na mkono uliokuwa umeushika, Debra akaanguka kifudifudi juu ya nyavu za watu, na Mama Safia, mnunuzi mkubwa wa pale, akapiga kelele, "Mzee wa polisi! Umetuletea mwizi mwenye kamba!" Ufuo mzima ukacheka, na Debra peke yake ndiye hakucheka, akajipangusa magamba usoni, akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Baba, nirudishe nyumbani." Kanjo alipewa mwenye ghala mmoja awe mlinzi, na Mzee akatundika ule mkanda ukutani, akaketi.

Angeketi hivyo hadi mwisho wake kama si mwaka wa 2024, kwani mwezi wa Mei mwaka huo mama mkwe wa Debra alifariki, Mungu amrehemu, na Lornah, aliyekuwa Kidato cha Pili, akaacha shule ili awe macho ya mama yake, akimshika mkono alfajiri kwenda kupokea boti na jioni kurudi na beseni. Hakuna aliyemfukuza shule, wala hakuna aliyemlazimisha, na wengi walimsifu kanisani kuwa ni mtoto mwema. Marehemu aliposikia sifa hizo alikasirika kuliko siku Debra alipoangushwa na Kanjo.

Tarehe 17 Agosti 2024 aliita kikao cha familia hapa hapa Pap Onditi, akatangaza kwamba anauza ng'ombe wawili na kuanza na mbwa mwingine, na Byron, ambaye ametupa ruhusa ya kusema haya, akasimama akasema, "Baba, kwa heshima, hizo pesa zinaweza kumwajiri mtu wa kumshika Debra mkono. Mbwa ni ghali. Tulishaona."

Marehemu akamjibu, "Mnaona mbwa ni ghali kwa sababu mtoto mnamtumia bure."

Kisha akaongeza kwamba nyuma ya darasa la Lornah limebaki darasa moja tu la kumpokea, kwa sababu wanafunzi walioingia Kidato cha Kwanza mwaka huo wa 2024 ndio wa mwisho katika mfumo wa zamani wa masomo, nyuma yao hakuna wengine, watakapoingia Kidato cha Tatu mwaka wa 2026 mlango utafungwa nyuma yao, na mtoto atakayekuwa nje siku hiyo hatapata kidato cha kurudia. Kwa hivyo mbwa lazima awe tayari mapema mwaka wa 2026. Byron aliketi, na tangu mwezi uliofuata akawa anatuma pesa za chanjo bila kukumbushwa.

Mbwa wa pili alitoka Ahero, kwa mkulima wa mpunga aliyekuwa amefurikiwa shamba lake lote, jike la mwaka mmoja, jeusi, lenye macho ya mtu anayesahihisha mitihani, ndiyo maana akaitwa Madam. Marehemu alimuuliza yule mkulima swali moja tu, "Huyu amewahi kuonja omena?" na mkulima akamjibu, "Mzee, hapa tangu mafuriko hata sisi wenyewe tunakula wali mtupu." Mzee akalipa papo hapo.

Sasa chakula kikawa mlima, kwa kuwa Madam hakuruhusiwa kuonja samaki wa aina yoyote, na hapo ndipo jirani yetu wa Kisumu, Mzee Uzair mwenye bucha, alipomwita marehemu dukani akamwambia, "Sajenti, mimi kumshika mbwa siwezi, dini yangu unaijua. Lakini kumlisha mwenye njaa sikukatazwa. Njoo kila jioni uchukue mabaki." Ametoa mapafu na mifupa hadi leo, hakuomba hata shukrani, na kazi yake moja ilikuwa kumwuliza Mzee, "Mwanafunzi wetu amefika darasa la ngapi?"

Mwezi wa Juni 2025 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa katika hospitali mjini Kisumu, ikaonekana figo zimechoka, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mguu uliokuwa ukizunguka Kibuye ukashindwa hata kufika langoni. Madam alikuwa amefika katikati ya mafunzo, na mbwa wa namna hiyo akiachwa katikati hurudi mwanzo. Hapo, waombolezaji, ndipo Mama Nasipwondi, yule wa sharti la jikoni, alipotoa mkanda ukutani bila kuulizwa na mtu, akamvisha Madam, akajifunga kitambaa machoni, akatoka naye barabarani. Siku ya kwanza aligonga kibanda cha mayai. Marehemu alimfundisha kutoka kitandani, akisema, "Usimsifu kabla hajasimama," naye akimjibu, "Na wewe usinifokee kabla sijamaliza," na wauguzi wakawa wanawacheka wote wawili, na mwezi wa Novemba Debra alikuja Kisumu kujifunza kutembea na Madam, na Madam akawa analala jikoni, kando ya jiko, mbele ya macho ya yule yule aliyemkataza.

Marehemu ndiye aliyepanga siku ya mtihani. Wote mnajua kwamba omena huvuliwa mwezi ukiwa giza, basi akasema hataki siku ambayo ufuo ni mtupu, anataka siku ambayo hakuna pa kukanyaga, akachagua Jumanne tarehe 17 Februari 2026, akasema atafikishwa pale hata kwa machela. Lakini Mungu hupanga yake, na Alhamisi tarehe 5 Februari 2026, saa tatu asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa hospitalini, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Wazee walisema mtihani uahirishwe, maana tuko matangani, na tena kwa desturi ya boma hili mjane haondoki nyumbani wala kuingia boma la watu kabla ya mumewe kuzikwa, na Mama ndiye pekee aliyebaki ambaye Madam alimtii kama mwalimu. Mama akasema, "Desturi nitaitii, siendi. Lakini siku aliipanga mwenyewe, mimi sina mamlaka ya kuipangua. Debra ataenda peke yake." Debra akajibu kwamba haogopi kuanguka, anachoogopa ni kuchekwa mara ya pili, na mama yake akamwambia, "Basi wakicheka, na wewe cheka, halafu nunua omena."

Sasa tumefika Jumanne. Debra alishuka barabarani Usenge jua likiwa limechomoza, Madam mbele, na Lornah aliamriwa abaki nyuma mbali, mikono mgongoni, asiseme neno hata kitokee nini, naye hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo. Mama Safia aliwaona kwanza. "Wenye omena, shikeni mali! Mwizi ametuletea dada yake!" na wanawake wengine wakaokota mawe, kwa kuwa pale mbwa hupokewa kwa mawe. Madam hakugeuza shingo. Alipita nyavu za kwanza, akapita za pili, njia ikawa nyembamba hadi Debra akawa anakanyaga kama mtu aliye juu ya gogo, na ghafla Madam akasimama. Debra akasema, "Mbele." Madam hakwenda. Akasema tena kwa ukali, na wanawake wakaanza kuguna, tazama, imemshinda, na Debra akanyoosha mguu polepole, kidole kikagusa kamba ya boti iliyokazwa kutoka majini hadi kwenye mti, kimo cha goti, ambayo ingemtupa tena kifudifudi mbele ya watu wale wale. Akainama, akampapasa kichwa, wakazunguka.

Ndipo msichana mmoja aliyekuwa amebeba beseni akamshangaa mbwa badala ya kuangalia anapokwenda, akajikwaa, na omena mbichi zikamwagika juu ya miguu ya mbele ya Madam. Lornah alifumba macho. Madam alitazama chini, akatazama mbele, akautoa mguu mmoja kwenye omena, akautoa wa pili, akampitisha Debra pembeni kama mtu anayepita kando ya matope akiwa amevaa nguo za kanisani.

Mama Safia akadondosha jiwe lake. "Heh!" akasema. "Jamani, huyu mbwa ameokoka!"

Vigelegele vilivyofuata vilisikika hadi barabarani, na Debra hakusimama kuvisikiliza, alikwenda moja kwa moja kwenye boti, akatia mkono ndani ya beseni, akasugua omena kati ya vidole, akasema kwa ile sauti yake ya zamani, "Hizi ni za jana, Bwana. Nipe za leo au niende boti ya pili." Na mvuvi akampa za leo.

Lornah alimpigia simu bibi yake huku machozi yakimtoka, akasema, "Dani, hajaanguka." Bibi akauliza, "Na omena?" Akajibu, "Hata moja." Tukamsikia akilia, kisha akauliza, "Mbwa amekula?" Akaambiwa bado. "Basi mnangoja nini? Mpeni chakula!"

Madam yuko hapa leo, amelala miguuni pa Debra, na familia inawaomba kwa unyenyekevu msimrushie mfupa hata akiwatazama vipi, yuko kazini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, waliovumilia maagizo ya mbwa yakitolewa katika wodi yao, tunamshukuru Mzee Uzair na familia yake, daktari wa mifugo Bi Kageha aliyechanja na mara nyingi akasahau kudai, wenzake wa zamani wa kikosi cha mbwa walioleta jeneza hadi hapa, majirani wa Kisumu na Pap Onditi waliopika na kukesha nasi, na wanawake wa ufuo wa Usenge, ambao jana wamekubaliana kuacha njia pana kati ya nyavu zao. Erokamano uru, asanteni nyote.

Na kwako Baba, Babu, Sajenti, tunakupa taarifa ya mwisho, kwa kuwa hukupenda kazi iishe bila taarifa: juzi Alhamisi Byron alimpeleka Lornah shuleni kuonana na mwalimu mkuu, nafasi ipo, ataingia Kidato cha Tatu Jumatatu, si muhula ujao, Jumatatu hii, na mama yake amesema atamsindikiza hadi langoni na kurudi nyumbani bila kushikwa mkono. Lala sasa kwa amani, Mzee wetu, pumzika vizuri, hakuna tena anayekungoja barabarani umshike mkono.